Kabla ya Kumsomesha Mtoto wa Mkimbizi wa Kitibeti

Anayeamua kumsomesha mtoto wa mkimbizi wa Kitibeti kwa kawaida huanza na picha. Hupewa karatasi yenye sura ya mtoto, jina lake, darasa lake, maneno machache kuhusu wazazi wake, na kiasi cha fedha kinachotakiwa kwa mwaka. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili karatasi ya namna hiyo si ngeni, ila wameizoea kutoka upande wa pili. Wamo waliokaa darasani Kisumu, Mwanza au Mbale kwa fedha za mfadhili wa Ulaya au Marekani, wakaandika barua za shukrani huku mwalimu amewasimamia, wakachora ua pembeni ili ipendeze. Baadhi yao leo wana mishahara, wengine wako Toronto, Minneapolis au Doha, na zamu ya kutoa imewafikia. Nawaandikia hao, na hoja yangu ni moja. Ufadhili wa watoto wa Kitibeti umezaa matunda kwa zaidi ya miaka 60 kwa sababu fedha zilipita katika shule zenye mizizi na zilidumu miaka mingi. Basi anayetaka fedha zake zifanye kazi achague shule kabla ya kuchagua mtoto, na ahesabu miaka kabla ya kuhesabu fedha.

Tuanze na zilikotoka shule zenyewe. Machi 1959 watu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, waliinuka dhidi ya utawala wa China, Dalai Lama, kiongozi wao wa kiroho, akatoroka na kuingia India mwishoni mwa mwezi huohuo, na katika miaka iliyofuata Watibeti wapatao 80,000 wakavuka Himalaya nyuma yake. Walitoka kwenye nyanda za juu zenye baridi kavu, wakashukia kwenye joto na mvua ambazo miili yao haikuzijua. Wengi walipewa kazi ya kuchonga barabara milimani, wakilala kwenye mahema kando ya baruti na maporomoko ya mawe, na watoto wao wakishinda hapohapo barabarani. Kifua kikuu, kuhara na utapiamlo viliwamaliza. Tarehe 17 Mei 1960 watoto 51, wagonjwa na wamekonda, walifikishwa Dharamsala, kaskazini mwa India, kutoka kambi za barabara za Jammu, na Tsering Dolma Takla, dada mkubwa wa Dalai Lama, akajitolea kuwatunza. Alipofariki mwaka 1964 kazi ilichukuliwa na mdogo wake, Jetsun Pema, aliyeishika hadi 2006. Kituo hicho cha kulelea watoto ndicho kilichokua kikawa Tibetan Children's Village, kikasajiliwa kwa jina hilo mwaka 1972 na kujiunga na shirika la SOS-Kinderdorf lenye asili yake Austria. Watoto wake hawalazwi katika ukumbi mmoja mrefu wa vitanda. Wanaishi katika nyumba, kila nyumba na mama mlezi wake na watoto 25 hadi 35 wa umri mbalimbali, wakubwa wakiwasaidia wadogo kufua, kuvaa na kudurusu.

Upande wa pili kulikuwa na serikali ya India. Waziri Mkuu Nehru alikubali kwamba watoto hawa wapate shule zao, watakamosoma historia na lugha yao pamoja na masomo ya kisasa. Shule ya kwanza ilifunguliwa Mussoorie Machi 1960, na mwaka 1961 kikaundwa chombo chini ya Wizara ya Elimu cha kuziendesha shule za aina hiyo, mishahara ya walimu ikitoka katika kodi za Wahindi. Wafadhili wengi hawalijui jambo hili, nalo lina uzito. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya kilichoitwa ufadhili wa elimu kutoka nje haikwenda kwenye chaki na ubao. Ilikwenda kwenye kitanda, chakula, sare, dawa na mama mlezi, yaani vitu ambavyo mtoto akivikosa shule haimfai hata kama ada imelipwa. Msomaji wa Tanzania hatashangaa kwamba wakimbizi walitaka shule zao wenyewe ilhali za mwenyeji zipo. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilifanya vivyo hivyo Mazimbu, Morogoro, ilipojenga Solomon Mahlangu Freedom College baada ya vijana wa Soweto kuanza kumiminika nje ya nchi yao. Tofauti ni kwamba Waafrika Kusini walirudi kwao na majengo ya Mazimbu yakakabidhiwa mwaka 1992. Watibeti wangali wanangoja, na shule zao imebidi zijifunze kuishi bila tarehe ya kufungwa.

Je, ufadhili wa mtoto mmojammoja unasaidia kweli, au unamfariji mtoaji tu? Kwa muda mrefu swali hili lilijibiwa kwa hisia. Jibu lenye takwimu lilitoka mwaka 2013, pale Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walipochapisha utafiti wao katika Journal of Political Economy. Walifuatilia watu 10,144 katika nchi sita, Kenya, Uganda na India zikiwemo, wakiwalinganisha waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion International na ndugu zao waliokuwa wameshapita umri mradi ulipofika kijijini. Kipimo hicho ni cha busara, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja wamekula chungu kimoja na kulelewa na wazazi walewale. Matokeo yalionyesha kwamba waliofadhiliwa walisoma kati ya mwaka 1.03 na 1.46 zaidi, na walipokuwa watu wazima walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira yenye mshahara wa kueleweka. Watafiti hao hawakuwapima Watibeti, na mradi waliouchunguza ulikuwa wa makanisa na vituo vya baada ya masomo, si shule za bweni. Hata hivyo utafiti huo unatufundisha jambo moja linalohamishika: waliofadhiliwa walikaa katika mpango uleule miaka mingi, wakijulikana kwa majina na watu wazima wa palepale wanaowaona kila wiki. Mtu wa mbali alileta fedha, na malezi yaliyofanya fedha hizo zizae yalikuwa ya watu wa karibu.

Mahali pasipo na watu hao wa karibu, ufadhili huharibika upesi. Mwaka 1998 waandishi wa gazeti la Chicago Tribune walijiandikisha kimyakimya kuwa wafadhili katika mashirika makubwa ya Marekani, kisha wakasafiri kuwatafuta watoto waliopewa. Nchini Mali walikuta msichana mmoja alikuwa amekwisha kufa, na fedha ziliendelea kupokelewa kwa jina lake. Ukiisoma habari hiyo kwa pupa utasema mashirika yote ni wezi. Ukiisoma polepole utaona tatizo lilikuwa umbali: picha iliuzwa kama kiungo kati ya watu wawili, wakati chini yake hapakuwa na shule wala nyumba iliyowajibika kwa mtoto huyo kila siku. Kwa Watibeti wenyewe kuna mfano unaouma kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watoto wapatao 160 walipelekwa kulelewa na familia za Uswisi, kwa juhudi za Charles Aeschimann wa mji wa Olten. Nia ilikuwa njema na Dalai Lama aliridhia. Lakini wengi wa watoto hao hawakuwa yatima. Walikuwa na mzazi hai India au Nepal, wakakua hawana lugha ya kuzungumza naye, na baadhi yao wameueleza uchungu huo hadharani ukubwani. Wenzao waliobaki Dharamsala na Mussoorie walilala wamebanana na kula chakula duni zaidi, lakini walitoka shuleni wakiwa na lugha na watu wao.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni chombo, yaani taasisi yenyewe. Taasisi za kuulizia zinajulikana: Tibetan Children's Village yenye matawi Dharamsala, Ladakh, Bylakuppe na kwingineko, Tibetan Homes Foundation ya Mussoorie, iliyoanza mwaka 1962, Sambhota Tibetan Schools Society, ambayo tangu 2013 imekuwa ikikabidhiwa shule zilizokuwa chini ya serikali ya India, na kwa Nepal, Snow Lion Foundation, iliyoundwa mwaka 1972 kwa msaada wa Waswisi. Yapo pia mashirika ya nje yanayokusanya fedha na kuzipeleka huko, kama Tibet Relief Fund ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka uleule wa 1959, na Tibet Fund ya New York, iliyoanzishwa 1981. Kulipia shirika la nchi unakoishi kuna faida mbili: hesabu zake ziko wazi kwa umma, na pengine utapata nafuu ya kodi. Uingereza hesabu hizo zimo katika daftari la Charity Commission, Marekani zimo katika fomu ya kodi namba 990. Zitafute, na ukizipata usikimbilie kwenye asilimia ya gharama za ofisi kama wengi wafanyavyo. Tazama kwanza kama kiasi kilichopelekwa India mwaka huu kinafanana na cha mwaka jana na cha juzi. Shirika linalopeleka nyingi mwaka mmoja na chache mwaka unaofuata linaiachia shule kazi ya kuziba pengo, na pengo huzibwa kwa kupunguza mama walezi na maziwa.

Anayetaka kutuma moja kwa moja hadi India lazima aijue sheria ya nchi hiyo kuhusu michango kutoka nje, inayoitwa kwa kifupi FCRA. Ni ya mwaka 2010 na ilikazwa Septemba 2020. Sasa kila taasisi inayopokea fedha za kigeni sharti iwe imesajiliwa chini ya sheria hiyo, fedha ziingie kwanza katika akaunti maalumu kwenye tawi kuu la State Bank of India mjini New Delhi, matumizi ya utawala yasizidi asilimia 20, na hakuna taasisi inayoruhusiwa kupokea kisha kuipitishia nyingine. Sharti la mwisho ndilo la kukaririwa. Mtu akikwambia ana chama kidogo mjini Delhi kitakachokupokelea fedha na kuzifikisha shuleni Mundgod au Ladakh, anakuahidi jambo ambalo sheria imelikataza, awe anajua au hajui. Vivyo hivyo kwa anayekupa namba ya akaunti ya mwalimu, au anayetaka utume kwa kampuni ya kuhamisha fedha kwa jina la mtu binafsi. Omba namba ya usajili na jina kamili la akaunti iliyoko tawi hilo la New Delhi, na uyalinganishe na yaliyoandikwa kwenye barua rasmi ya taasisi.

Nepal inataka macho zaidi. Kwa miaka mingi watoto wa wilaya za milimani kama Humla walikusanywa na madalali kwa ahadi ya shule, wakapelekwa Kathmandu na kuwekwa katika nyumba za yatima huku wazazi wao wako hai vijijini, kwa sababu yatima huvuta fedha kuliko mtoto wa maskini. Watu wa huko wanafanana na Watibeti kwa dini, mavazi na sehemu ya lugha, hivyo mgeni hawezi kutofautisha kwa kutazama picha. Swali la kuuliza si kama mtoto ni Mtibeti halisi au la, maana mtoto wa Humla naye ana haki ya kusoma. Uliza wazazi wake wako wapi, na mara ya mwisho alikwenda kwao lini. Shule ya kweli hujibu bila kusitasita kwa kuwa ina daftari la likizo. Nyumba ya biashara hukuletea hadithi ya huzuni.

Kigezo cha pili, miaka, ndicho kinachowashinda watu wema. Mtoto uliyempata akiwa darasa la 6 ana miaka saba mpaka amalize darasa la 12, na shahada ya miaka mitatu ikiongezwa ni kumi. Akichagua uuguzi ni kumi na mmoja. Kabla ya kusema ndiyo, zidisha ada ya mwaka mara miaka hiyo na uitazame jumla bila kufumba macho. Halafu kumbuka kwamba ahadi yako iko katika dola au rupia na mshahara wako pengine uko katika shilingi. Mkenya aliyeahidi mwanzoni mwa 2020, dola ikiwa karibu shilingi 101, alijikuta Januari 2024 akiitafuta kwa shilingi 160. Ada haikuongezeka hata senti moja kule Dharamsala, lakini kwake ilikuwa imepanda zaidi ya nusu. Ushauri wangu ni kuweka akiba ya ada ya mwaka mzima kabla ya kutuma malipo ya kwanza, ili ukifukuzwa kazi au shilingi ikiporomoka mtoto asijue. Na asiye na uhakika wa zaidi ya mwaka mmoja asichukue mtoto kabisa. Atoe kwenye mfuko wa pamoja wa shule, ambako mchango wa mara moja ni baraka na hauachi kidonda.

Hapa watu wetu wana silaha ambayo wafadhili wa Ulaya hawana, nayo ni chama. Watu kumi wanaochanga kila mwezi, wenye katibu, mweka hazina na daftari, hudumu kuliko mtu mmoja mwenye moyo mkubwa. Mmoja akiugua wengine wanaziba. Kinachotakiwa ni kukubaliana mapema kwamba mtoto ni wa chama, na barua zitaandikwa na mmoja aliyeteuliwa, ili mtoto asipate wajomba kumi wanaomwuliza maswali yaleyale.

Baada ya hayo niseme jambo ambalo karatasi yenye picha haitakuambia: uhitaji umehama. Kabla ya 2008 Watibeti kati ya 2,000 na 3,000 walivuka mpaka kila mwaka, wengi wao watoto waliotumwa na wazazi kusudi wakasome kwenye shule za uhamishoni. Baada ya machafuko ya Tibet ya mwaka huo China ilifunga milango, na waliovuka wakashuka hadi kuhesabika kwa makumi. Wakati huohuo familia za uhamishoni zinazaa watoto wachache, na vijana wanahamia Marekani, Kanada, Ufaransa na Uswisi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata Watibeti karibu 128,000 nje ya Tibet, wapatao 94,000 wakiwa India. Tangu hapo walioko India wamepungua sana. Shule zimeunganishwa, nyingine zimefungwa. Lakini sura ya mtoto wa miaka sita ndiyo inayoendelea kuwavuta wafadhili, ilhali mzigo uliobaki unamwelemea kijana wa miaka 18.

Kijana huyo amemaliza darasa la 12 kwa mtihani uleule wa kitaifa wanaofanya Wahindi, na pengine amefaulu vizuri. Sasa anakwenda Bengaluru, Delhi au Chandigarh, ambako hana mama mlezi wala bweni la bure. Wasomaji waliosoma Pune au Bengaluru hawahitaji kuelezwa ada ya chuo binafsi cha India ilivyo, wala kodi ya chumba. Huyu naye hana uraia. Anaishi kwa cheti cha usajili kinachohuishwa kila baada ya muda, husafiri nje kwa hati ya utambulisho badala ya pasipoti, na kazi nyingi za serikali hazimhusu. Kwa Nepal hali ni ngumu zaidi, kwani serikali iliacha kutoa kadi za ukimbizi miaka ya 1990, na kijana asiye na kadi hufungiwa milango ya benki, leseni na ajira rasmi. Elimu ikikatikia darasa la 12 kwa kijana wa namna hii, miaka yote iliyotangulia inakuwa imemfikisha kwenye ukingo wa mto usio na daraja, maana mwenzake Mhindi anaweza kurudi kwenye shamba la baba au kuomba kazi ya serikali, yeye hana hivyo vyote. Kwa hiyo ukinitaka nikuchagulie, nitakuambia mfadhili kijana wa chuo au wa ufundi: uuguzi, ualimu, uhasibu, umeme, upishi wa hoteli. Tibetan Children's Village ina chuo cha ufundi Selakui, karibu na Dehradun, na taasisi ya elimu ya juu Bengaluru. Miaka ni mitatu au minne, ahadi inabebeka, na matokeo utayaona mapema. Nafasi ya pili ningeipa watoto wa wafugaji wa Changthang, nyanda za juu za Ladakh, ambao wazazi wao huhamahama na mbuzi na yak katika baridi kali na hawana namna ya kumpeleka mtoto shule akarudi jioni.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi zito kuliko yote. Februari 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba watoto wa Kitibeti wapatao milioni 1 ndani ya China wanasoma katika shule za bweni zinazowatenga na lugha na familia zao. Watibeti wa uhamishoni wanalaani mabweni hayo. Mbona nao wana mabweni? Jibu jepesi ni kwamba huku lugha ya kufundishia madarasa ya chini ni Kitibeti, mzazi ameridhia, na mtoto hurudi kwao likizo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi swali. Mtoto wa miaka mitano anayelala mbali na mama yake anaumia hata kama wimbo wa kulalia ni wa lugha yake, na nyumba ya watoto 30 ni watoto wengi kwa mama mmoja, awe mwema kiasi gani. Pingamizi hili halibomoi ufadhili, linauelekeza. Pale wazazi wanapoishi katika makazi yenye shule ya kutwa, kama Bylakuppe au Mundgod kule Karnataka, lipia shule ya kutwa: sare, vitabu, chakula cha mchana, mwalimu wa ziada. Bweni libaki kwa yatima, kwa watoto wa wahamaji, na kwa wale ambao wazazi wao wako upande wa pili wa mpaka. Ukiuliza taasisi kwa nini mtoto fulani yuko bwenini na jibu likawa kwamba wafadhili wa bweni ni rahisi kupatikana, umeshajua la kufanya.

Wengine watauliza kwa nini tuende Himalaya wakati kambi za wakimbizi za Kakuma, Dadaab, Nyarugusu na Nakivale zipo mlangoni. Ni swali la haki, na asiye na sababu yoyote ya kumwelekea Mtibeti aanze na jirani. Lakini watu hutoa kwa kufuata uhusiano, na uhusiano upo. Parkdale mjini Toronto, Queens ya New York na Minneapolis ni mahali ambapo Watibeti na Waafrika Mashariki wanapanga nyumba mtaa mmoja na kupeleka watoto shule moja. Tofauti ya msaada nayo ipo. Kambi za kwetu, hata zikipewa kidogo mno, ziko chini ya UNHCR. Watibeti wa India hawako chini yake, na mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nao waliguswa. Mwenye jirani Mtibeti ana njia ya uhakiki isiyo na gharama: aende kwenye chama chao cha mtaa aulize nani alisoma shule fulani. Kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta mhitimu wake hapohapo, naye atamweleza mengi kuliko tovuti yoyote.

Kuhusu dini, shule hizi si za watawa. Wanafunzi wanasoma hesabu, sayansi, Kiingereza na Kitibeti, na asubuhi kuna sala za Kibudha. Mwislamu au Mkristo anayeona hilo linamkwaza anaweza kuchagua kulipia chuo au matibabu. Kumfadhili mtawa ni mpango mwingine na haupaswi kuchanganywa na huu. Kuhusu siasa sitajifanya haipo. China huyahesabu mashirika ya uhamishoni kuwa ya kujitenga, na mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kila baada ya miezi mitatu ana haki ya kulifikiria jambo hilo kabla ya kuandika jina lake popote. Kumsomesha mtoto si kupiga kura juu ya hatima ya Tibet. Ila siasa ina sura moja inayomhusu kila mfadhili, na hapo sina huruma: usiweke picha ya mtoto wala jina lake kwenye Facebook, WhatsApp au Instagram. Baadhi ya watoto hawa wana shangazi, babu, hata wazazi ndani ya Tibet, na picha yenye jina la kijiji inaweza kuwaletea jamaa hao maswali kutoka kwa polisi. Kwa sababu hiyohiyo usimwulize mtoto kwenye barua alivukaje mpaka au nani alimleta.

Barua zenyewe ziendelee. Glewwe na Wydick, pamoja na Phillip Ross, walifanya utafiti mwingine Jakarta kwa kutumia michoro ya watoto, wakaona kwamba waliofadhiliwa walijichora wakiwa na matumaini na kujiamini zaidi. Andika fupi, mara mbili au tatu kwa mwaka, habari za hali ya hewa, mpira, chakula, kazi yako. Usitume simu wala viatu vya bei kwa mmoja katika nyumba ya watoto 30. Tuma mpira au vitabu vya nyumba nzima. Usiahidi kumpeleka ng'ambo. Usitume fedha mkononi mwake, hata akiomba kwa adabu, bali ulizia shule kuna nini. Ukitaka kumtembelea, Dharamsala haihitaji kibali cha ziada, lakini mgeni anayelala Bylakuppe au Mundgod lazima awe na kibali cha maeneo maalumu kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya India, na kibali hicho huchukua wiki nyingi. Ifahamishe shule kabla, kutana naye shuleni, na usishangae akinyamaza mbele yako.

Limebaki suala la mtoto kuondoka kabla ya wakati. Familia hupata karatasi za kuhamia Paris au Toronto katikati ya muhula, msichana huamua kuwa mtawa, mvulana huacha shule na kujiunga na kikosi cha jeshi la India kilichoundwa kwa ajili ya Watibeti. Fedha za mwaka zimekwisha kulipwa, na mfadhili hujihisi ametapeliwa ilhali hakuna aliyekosea. Amua mapema, kwa maandishi, na taasisi: fedha zikibaki ziende kwa nani, ndani ya muda gani utaarifiwa, na kama utapewa mwanafunzi mwingine au ahadi yako itaishia hapo. Taasisi nzuri ina fomu yake ya jambo hili. Isipokuwa nayo, iandike wewe, itie saini pande zote mbili, na nakala yake mpe mweka hazina wa chama.